Innsbruck majira ya baridi: ninavyoipanga siku

Innsbruck, mji mkongwe wa Austria ulio kati ya milima ya Alpi, uko mita 574 tu juu ya usawa wa bahari. Hafelekar, kituo cha mwisho cha magari ya kebo, kimepita mita 2,200. Desemba jua huzama karibu saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo mlima huja kwanza, mitaa baadaye, na majumba ya makumbusho giza likikaribia.

Asubuhi, kabla ya kulipia chochote, naangalia picha za kamera zilizowekwa mlimani. Ukungu mjini usikutishe: hewa ya baridi ni nzito, hutuama bondeni kama maji kwenye bakuli, na mara nyingi juu yake kuna jua safi. Kinachovuruga safari ni upepo. Föhn, upepo wa joto utokao kusini, huyeyusha theluji mjini na ukizidi husimamisha magari ya kebo. Siku hiyo mlima nauacha.

Treni ndogo ya Hungerburgbahn huanzia kituo cha Congress, kando ya mji mkongwe. Vituo vyake vyenye mapaa ya kioo vilibuniwa na Zaha Hadid na kufunguliwa 2007; vinastahili kutazamwa kwa utulivu. Ikifika Hungerburg, kituo chake cha juu, unahamia gari la kebo hadi Seegrube, mita 1,905, halafu jingine hadi Hafelekar. Masikio yakiziba, meza mate. Kilele chenyewe, mita 2,334, kiko karibu kwa miguu, ila njia ikiwa na barafu siijaribu kwa viatu vya mjini.

Miguu ndiyo huharibu safari za wengi. Soksi mbili ndani ya buti linalobana hupunguza mzunguko wa damu, na vidole huganda haraka zaidi. Mimi huvaa soksi moja nene ya sufi na buti lenye nafasi ya kuchezesha vidole. Fulana ya ndani isiwe ya pamba, kwani pamba hushika jasho, na ukisimama tu linapoa mwilini. Simu ikae mfuko wa ndani. Baridi huishusha betri ghafla.

Mchana naenda Goldenes Dachl, roshani ya Kaisari Maximilian wa Kwanza iliyokamilika 1500, yenye paa la vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu. Inatazama kusini, hivyo mwanga wa mchana unaifaa. Ukiona fito zimeegemezwa ukutani njiani, pita mbali: ni onyo kwamba theluji inaweza kuporomoka kutoka paani.

Hofkirche, kanisa la kasri, naiweka mwisho. Usihangaike na mlango mkubwa. Wageni huingilia jumba la makumbusho la sanaa za jadi lililo jirani. Ndani sanamu 28 za shaba nyeusi, ndefu kuliko mtu, zimelizunguka kaburi la Maximilian, ambalo ni tupu: yeye alizikwa Wiener Neustadt. Kwangu hakuna kitu kikubwa zaidi mjini humo, kwa hiyo huipa saa nzima. Kamera naifungia begini kabla ya kuingia ndani kwenye joto na kuiacha humo nusu saa, la sivyo lenzi hujaa mvuke.

Innsbruck Card, tiketi moja ya magari ya kebo na majumba ya makumbusho, huhesabiwa kwa saa, 24, 48 au 72, kuanzia unapoitumia mara ya kwanza. Ianze asubuhi. Na chakula cha Jumapili nunua Jumamosi, kwani maduka mengi hufungwa.