Kinanda kinachopiga hesabu

Wadau wa muziki, jana rafiki yangu wa studio kaniachia Yamaha DX7 yake, na mpaka sasa siamini. Kinanda cha 1983! Ndani hakuna nyuzi wala piano iliyorekodiwa, ni namba tupu. Chipu inakokotoa umbo la wimbi, maelfu ya namba kila sekunde, kisha zinageuzwa kuwa umeme unaokwenda kwenye spika.

Utamu uko kwenye mbinu yenyewe, aliyoigundua John Chowning pale Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967: wimbi moja linalitikisa jingine. Likitikiswa polepole, sauti inayumba kama ya mwimbaji. Ongeza kasi ya mtikiso hadi ifikie masafa yanayosikika, na sikio haliusikii tena. Linasikia rangi mpya ya sauti.

Nilitumia mawimbi mawili tu kati ya sita ya kila noti. Uwiano wa kasi zao ukiwa 1 kwa 1 ukanipa ukali wa tarumbeta. Nikaweka 1 kwa 14, nikapunguza nguvu ya mtikiso, na hapo nikausikia ule mlio mdogo wa chuma unaoanza noti ya piano ya umeme. Jamani! Kwa 1 na 3.5 ikalia kengele.

Anayesema vinanda vya kidijitali havina roho akae na hiki: ukibonyeza kwa nguvu, sauti haipandi tu, inang'aa zaidi.

Mnaotengeneza biti kwa kompyuta, tafuteni Dexed. Ni programu ya bure na inafuata mfumo huohuo.