Fundi mmoja, kazi nne: nilivyozitenganisha kwenye hifadhidata ya duka

Mfumo nilioukabidhiwa kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma mjini ulikuwa na jedwali moja tu la mafundi: jina, simu, uga (sehemu ya kujazia habari) wa maeneo anayofanyia kazi, na uga mrefu ulioitwa kazi. Humo ndani ujuzi wote wa fundi ulirundikwa kwa mikato. Mmoja "umeme, bomba, rangi". Mwingine "ujenzi,plasta,tailizi", bila nafasi. Mwingine ameandikiwa "kazi zote", basi.

Orodha hii si pambo pale dukani. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli kweli, watu wamejenga na wanaendelea kujenga Nzuguni, Iyumbu, Nala na kwingineko, na wengi ni wageni wasiomjua fundi hata mmoja. Mtu akishalipia saruji na nondo anauliza, "Mama, fundi nitampata wapi?" Mwenye duka humpa jina bure. Fundi akipata kazi, atarudi kununua vifaa palepale. Ndiyo biashara yenyewe.

Siku aliyonieleza shida yake alisema hivi: "Kijana wangu, nimetafuta mtu wa rangi, mashine imeniletea mtu wa gereji. Mteja kampigia, kaambiwa alete bampa."

Sababu ilikuwa wazi. Mfumo ulikuwa unatafuta kwa LIKE '%rangi%', na amri hiyo haijui kazi ni nini; inaangalia kama herufi hizo zimo mahali popote ndani ya maandishi. "Rangi za magari" nayo ina herufi hizo. Ukitafuta umeme unaletewa pia umeme wa magari. Kwenye uga wa maeneo hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa kule yaliwekwa kwa namba, mfano "1,4,12". Ukitafuta eneo namba 1, linakuja na la 10, la 12 na la 21.

Kwa kuwa wateja walikuwa wanasubiri kaunta, nilianza na dawa ya muda. MySQL, programu ya hifadhidata inayoendesha mfumo huo, ina amri iitwayo FIND_IN_SET, inayosoma maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato na kulinganisha kipande kizima kizima, si herufi za katikati. FIND_IN_SET('rangi', kazi) haimleti mtu wa gereji. Ila ina ukali wake: nafasi baada ya mkato inahesabika kuwa sehemu ya neno. Kwa "umeme, bomba" yenye nafasi, kipande cha pili si bomba, ni nafasi na bomba, kwa hiyo fundi huyo haonekani. Ilinibidi nifute nafasi zote kwanza kwa REPLACE(kazi, ', ', ','). Mama akapumua, nami nikapata muda wa kufikiri.

Ushauri haukukosekana. Rafiki yangu aliyesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) alinisukuma nihamie PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, ambako uga unaweza kuwa orodha halisi, ukauwekea faharasa (orodha ya pembeni ya kutafutia haraka) ya aina ya GIN na kuuliza kwa alama ya @> kama orodha ina umeme na bomba kwa pamoja. Ni kitu kizuri, na kama ningekuwa naweka lebo za makala ningekitumia bila kusita. Mwingine akasema JSON, namna ya kuandika orodha ndani ya uga mmoja, kwani MySQL inayo tangu toleo la 5.7, na kuanzia 8.0.17 inakubali faharasa juu ya thamani nyingi zilizomo ndani ya orodha moja. Hosti yetu ya bei nafuu, yaani kampuni inayotuwekea mfumo mtandaoni, ilikuwa bado kwenye 5.7. Kuna pia aina ya SET, ambapo unataja kazi zote mapema na uga unabeba zozote kati ya hizo; mwisho wake ni 64, na kila ukiongeza kazi mpya lazima ubadilishe muundo wa jedwali lenyewe. Mama huongeza kazi mpya akiwa kaunta, simu begani. Haikuwezekana.

Lakini kilichoniamulia hasa hakikuwa toleo wala hosti. Ni leseni. Kufunga umeme kwenye majengo kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja na tarehe za kuisha. Fundi yuleyule anayefunga umeme kwa leseni anaweza kuwa anafanya bomba kwa uzoefu tu, na tailizi alijifunza saiti mwaka jana. Sasa kwenye "umeme,bomba,tailizi" utaiandika wapi tarehe ya leseni? Si habari ya fundi mzima, maana haihusu tailizi zake. Si habari ya umeme kwa ujumla, maana kila fundi ana yake. Ni habari ya fundi huyu kwenye kazi hii, na kwenye orodha ya mikato hakuna mahali pa kuitundika. Hata orodha nzuri ya PostgreSQL haina mahali hapo, wala haikuruhusu kufunga kila kipande kwa ufunguo wa kigeni, yaani kukilazimisha kiwemo kwanza kwenye jedwali la kazi, ili mtu asiweze kuandika kazi isiyokuwepo.

Hapo nikarudi kwenye kanuni ya Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa IBM, aliyeeleza mwaka 1970 jinsi ya kupanga data kwa majedwali: kila sehemu ya jedwali ibebe thamani moja. Niligawa vitu mara tatu. Jedwali la mafundi, jedwali la kazi, na katikati jedwali la fundi_kazi lenye mstari mmoja kwa kila jozi. Fundi mwenye kazi nne ana mistari minne. Mstari huo ndio unaobeba daraja la leseni, tarehe ya kuisha, cheti cha mafunzo ya ufundi cha VETA kama kipo, na neno la mama mwenyewe, kwa mfano "ana haraka sana". Ufunguo mkuu, yaani kitambulisho cha kila mstari, ni jozi yenyewe, fundi_id na kazi_id, ili jozi moja isiingie mara mbili.

Kuhamisha data ndiko kulikochukua jasho. Kukata maandishi ni rahisi: PHP ina explode, kisha trim kwa kila kipande. Kilichobaki ni kwamba vipande havikufanana. Tailizi, taili, tailisi, malumalu. Plasta na lipu. Jipsamu kwa tahajia nisizoweza kuzitaja zote. Nilitengeneza jedwali dogo la majina mengine, kila jina likielekeza kwenye kazi_id yake, nikakaa na mama tukapitia yale ambayo mashine haikuyatambua. Jedwali hilo sikulifuta. Sasa linasaidia kwenye kutafuta pia: akiandika lipu, wanakuja watu wa plasta.

Wale wa "kazi zote" tuliwapigia simu mmoja mmoja. Nashauri ufanye hivyo hivyo, usiwabunie. Karibu kila mmoja, alipoulizwa kama anafunga umeme, alisema hapana, umeme hapana. Uga wa zamani niliubadilisha jina tu, nikauacha kwa miezi kadhaa bila kuruhusu mtu kuuandika, ili tukibishana tuwe na pa kuangalia.

Baada ya hapo swali lililokuwa halijibiki likawa la kawaida. Mteja anataka mtu mmoja anayefanya bomba na tailizi, kwa ajili ya bafu. Kama bomba ni namba 4 na tailizi namba 7:

SELECT fundi_id FROM fundi_kazi
WHERE kazi_id IN (4, 7)
GROUP BY fundi_id
HAVING COUNT(DISTINCT kazi_id) = 2;

IN peke yake inaleta mwenye mojawapo. Ule mstari wa mwisho ndio unaodai zote mbili. DISTINCT niliiweka kwa makusudi. Ukiunganisha na jedwali la maeneo humohumo, mistari inazidishana: fundi mwenye kazi 3 na maeneo 4 anatokea mara 12, na COUNT(*) inaanza kusema uongo. Siku hizi eneo naliuliza pembeni kwa EXISTS, inayoangalia tu kama lipo bila kuongeza mistari, nalo linatulia. Mama hataki kuona jina moja likijirudia kwenye skrini, kwa hiyo kazi za kila fundi nazirudisha kuwa maandishi ya mikato kwa GROUP_CONCAT wakati wa kuonyesha tu. Angalia kikomo chake: kwa kawaida inakata baada ya baiti 1024.

Maeneo yalifuata njia ileile ya jedwali la katikati, na yakafichua mtego wa kwetu. Kuna kata ya Chamwino ndani ya jiji, na kuna Wilaya ya Chamwino, nje ya mji kwenye barabara ya Dar es Salaam. Mafundi wa sehemu zote mbili walikuwa wanasema "Chamwino" tu. Sasa kila eneo lina wilaya yake kwenye safu ya pembeni.

Kuhusu kasi, niseme ukweli: mafundi ni mia chache, na LIKE ingewasoma wote kabla mteja hajakunja risiti. Ni kweli kwamba LIKE inayoanza na alama ya asilimia haitumii faharasa ya kawaida, wala FIND_IN_SET haiitumii, na kwenye mistari mamilioni ingekuwa kilio. Hapa kwetu faida haikuwa kasi. Ni majibu sahihi, na kila mwanzo wa mwezi orodha ya mafundi wa umeme ambao leseni zinakaribia kuisha, ambayo mama huitumia kuwapigia na kuwakumbusha.

Uga mmoja nimeuacha na mikato yake: zana alizonazo fundi. Grenda, mashine ya kukatia tailizi, ngazi ndefu. Husomwa kwa macho baada ya fundi kupatikana, na hakuna aliyewahi kutafuta kwa zana. Wiki iliyopita mama aliniuliza kama anaweza kujua nani ana kompresa. Nimemwambia anipe mpaka Jumamosi.