Pumzi, krrr za chukudu na bango la saluni

Siku tatu nilikaa mbele ya ubao mtupu. Kuna mama wa Katindo, hapa Goma, anafungua saluni, anataka bango la mwanamke mwenye misuko ila "isifanane na zile zingine zote", na mi kila nikishika kalamu mkono unachora uso ule ule ninachoraga miaka yote, shingo ndefu, hereni, macho ya upande.

Mdogo wangu njo akaniletea simu na vidude vya masikioni, eti kuna sauti za kuamsha akili: sikio la kushoto linapewa mitetemo 200 kwa sekunde, la kulia 210, alafu ubongo unajitengenezea mapigo 10 yenye hayako kwenye sikio lolote. Na kweli yanasikika, ukitoa kidude kimoja yanapotea palepale. Ila kwangu ilikuwa kama frigo mbovu. Nikalala.

Chenye kilinisaidia ni pumzi. Unavuta kwa pua ukihesabu 4, unatoa ukihesabu 6, basi, maana moyo unakimbia kidogo ukivuta na unapoa ukitoa, sasa ukirefusha ile ya kutoa na wenyewe unatulia. Nilitaka kufanyia kule karibu na ziwa, upande wa Bulengo, nilishaona kabonde kamoja kenye kivuli, mama kusikia tu akaniwakia: "Weye mutoto, unaenda kupumua mu shimo? Na mazuku je?" Ana haki. Ile gesi ya volkeno ni nzito kuliko hewa, inalala chini kwenye mabonde, mbuzi anaingia kula majani hatoki. Goma hapa hata kutulia lazima uangalie kwanza umekaa wapi.

Nikabaki mlangoni kwetu. Nikitoa pumzi naongeza mmmm, midomo imefungwa, kifua kinatetemeka, na barabarani chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinashuka na magunia ya makala ya kupikia, krrr krrr juu ya mawe meusi, mi na mmmm yangu, zenyewe na krrr zao, sijui nilikaa dakika ngapi. Alafu nikaona usukani wa chukudu, ile mbao inavyopinda. Misuko inapinda hivyo hivyo! Na inaonekana vizuri kwa nyuma, sasa uso wa nini?

Jana nikapeleka bango. Mama wa saluni akaangalia, akauliza, "Na sura yake iko wapi?" Akazunguka upande wa pili wa ubao kabisa, kutafuta. Akacheka, akalipa nusu.