Nondo wa mteremko: vituo vitatu, usiku mmoja

Vituo vyote vitatu vya kuvutia kwa taa nondo wa mlimani, wadudu wa usiku walio jamaa ya vipepeo, sasa vinafanya kazi. Cha chini kiko kwenye msitu wa miti mirefu, cha kati mahali ambapo ukungu hutanda karibu kila jioni, na cha juu kwenye miti mifupi iliyofunikwa na kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoota pamoja kwenye magome) hadi matawini. Ninachotafuta ni kujua kila aina ya nondo inaanzia mwinuko gani na kuishia wapi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mwendo wa saa chache kwa miguu unaweza kukuvusha kutoka kundi moja la wadudu hadi jingine kabisa.

Uamuzi mkubwa wa awamu hii ni kuwasha taa zote tatu usiku uleule. Kuhama na taa moja kungepunguza mzigo, na mgongo wangu ungeshukuru, lakini usiku haufanani. Mwanasayansi Mwingereza Alfred Russel Wallace alipokuwa akikusanya nondo kwenye kilima kimoja katika kisiwa cha Borneo katika miaka ya 1850, alipata nondo 1,386 kwa usiku 26, na zaidi ya 800 kati yao walikuja katika usiku nne tu, zile za giza nene na mvua kubwa. Ukilinganisha kituo cha juu cha usiku wa mvua na cha chini cha usiku wa mbalamwezi, unapima hali ya hewa badala ya mlima. Ndiyo maana tunafuata mwezi mwandamo, na mvua ya rasharasha haitufukuzi.

Kila kituo kina shuka jeupe lililotandazwa wima na taa ya urujuanimno, mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, inayotumia betri. Zamani wengi waliamini wadudu hudhani taa ni mwezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Communications ulionyesha jambo jingine: mdudu anayeruka huelekeza mgongo wake kwenye mwanga, kwa kuwa tangu zamani upande wenye mwanga ndio uliokuwa juu. Akikutana na taa karibu, anajipinda na kuzunguka bila kutoka. Tangu nisome hilo nawatazama kwa huruma zaidi, na nachukua wachache tu wa kila aina. Wengine naacha waende taa inapozimwa.

Saa za mwanzo huwa za wadogo, hasa wa familia ya Geometridae, wanaolaza mbawa bapa kwenye shuka. Wakubwa wa Saturniidae walifika usiku wa manane. Hao wakishakomaa hawali chochote. Wanaishi kwa akiba waliyojilimbikizia wakiwa viwavi. Kumwona mmoja akitua nusu mita kutoka usoni mwako kunalipa uchovu wote wa kupanda.

Kazi ngumu ni ya asubuhi. Kila nondo anachomwa pini katikati ya kifua, na mguu wake mmoja unawekwa kwenye ethanoli (alkoholi) ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA. Mbawakawa wanaojileta wenyewe kwenye shuka huchomwa kwenye bawa gumu la kulia, ili mstari wa kati wa mwili usiharibike. Unyevu wa mlimani huotesha kuvu haraka, kwa hiyo masanduku yana silika jeli ndani, chembe zinazofyonza unyevu. Miguu ya meza imesimama kwenye makopo ya maji, la sivyo sisimizi wangemaliza kila kitu kabla ya jua kuchomoza.

Kisha lebo: mahali, viwianishi vya ramani, mwinuko, tarehe, njia ya kukamata, jina la mkusanyaji. Naiandika siku hiyohiyo kwa wino usiofutika, hata macho yakiwa mazito. Nondo mzuri asiye na lebo ni pambo tu, hamsaidii mtu yeyote anayeuliza swali kuhusu mlima huu.

Mwezi mwandamo ujao naongeza vikombe vya kufukia ardhini katika vituo vilevile, kwa ajili ya mbawakawa wasioruka. Kibali kinaruhusu, na betri za akiba zimeshapelekwa kituo cha kati.