Kuwasha dashibodi ya Streamlit kutoka terminali: machaguo yanayosaidia na yanayokwamisha

Kwenye laptop, Streamlit, maktaba ya Python ya kutengenezea dashibodi za kwenye kivinjari, haidai maneno mengi:

```
streamlit run app.py
```

Inakamata poti 8501 (namba ya mlango ambao programu husikilizia), inafungua kivinjari yenyewe, na kazi inaanza. Lakini amri hiyo fupi imekuamulia mambo kadhaa kimyakimya: poti gani, nani aruhusiwe kuifikia, folda ipi isomwe, kama kuna mtu mbele ya skrini au hakuna. Ukihamia kwenye seva, majibu yake mengi hayafai tena, na hapo ndipo machaguo ya amri yanapohitajika.

Kwanza namna ya kuyaandika. Kila chaguo lina sehemu mbili, kundi na jina, zikitenganishwa na nukta, kisha thamani:

```
streamlit run app.py --server.port 8600 --server.headless true
```

Waliozoea zana nyingine huandika `--port 8600` na kujibiwa kwamba chaguo hilo halipo. Wengine huandika `--server.headless` na kuishia hapo, wakidhani kulitaja tu kunatosha. Hakutoshi, `true` au `false` lazima iwepo. Herufi kubwa na ndogo pia zina maana: ni `--server.baseUrlPath`, si `--server.baseurlpath`.

Thamani ileile unaweza kuiweka mahali panne: faili la `~/.streamlit/config.toml` la mtumiaji, faili la `.streamlit/config.toml` la mradi, kigeu cha mazingira kama `STREAMLIT_SERVER_PORT`, na chaguo la kwenye amri. Kila kimoja kinakishinda kilichotajwa kabla yake, kwa hiyo kilichoandikwa kwenye amri ndicho chenye kauli ya mwisho. Ukibadilisha `config.toml` mara tatu na poti ikabaki ileile, kaangalie kama kuna mtu aliyeiandika ndani ya amri yenyewe au kwenye Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga kontena la Docker). Njia ya haraka ya kumaliza ubishi ni hii:

```
streamlit config show
```

Inachapisha machaguo yote, chaguomsingi la kila moja, na yale yaliyobadilishwa yanaonyeshwa yametoka wapi. Iendeshe ukiwa kwenye folda ileile na mtumiaji yuleyule anayewasha dashibodi, la sivyo utasoma mipangilio ya mtu mwingine.

Na hiyo folda ndiyo chanzo cha matatizo mengi kuliko poti. Ukiwa `/home/asha` ukaandika `streamlit run mauzo/app.py`, mchakato unasimama `/home/asha`, hausimami ndani ya `mauzo`. Mstari kama `pd.read_csv("data/mauzo.csv")` utatafuta `/home/asha/data/mauzo.csv` na kulalamika kwamba faili halipo, ilhali unaliona kwa macho yako. Ingia kwanza kwenye folda ya mradi, halafu washa. Na kama terminali inasema haiijui amri ya `streamlit`, au inaijua lakini maktaba ulizosakinisha jana hazionekani, tumia `python -m streamlit run app.py`, hapo unakuwa na uhakika ni Python ipi inayofanya kazi.

Sasa poti. Usipoitaja, Streamlit ikikuta 8501 imeshikwa inahamia 8502, kisha 8503, bila kukuuliza. Hicho ndicho kisa cha "nimebadilisha kodi lakini dashibodi haibadiliki": tabo iliyo wazi ni ya 8501, ya mchakato wa zamani, na mpya iko 8502. Ukiitaja poti waziwazi, tabia inageuka: ikiwa imeshikwa, programu inakataa na kujizima. Kwenye seva unataka hiyo ya pili. Afadhali ikatae kuwaka kuliko iwake kwenye poti ambayo Nginx, seva inayokaa mbele na kuipitishia dashibodi maombi ya wavuti, haiijui.

Mshikaji wa poti mara nyingi ni wewe mwenyewe. Ctrl+C inazima mchakato. Ctrl+Z inausimamisha tu, na poti inabaki mikononi mwake. Dalili yake haikosei: ukifungua ukurasa, kivinjari kinazunguka bila mwisho na hakuna kosa lolote linalotokea. Andika `fg` urudishe mchakato mbele, kisha Ctrl+C. Kama terminali ile ulishaifunga:

```
ss -ltnp | grep 8501
kill 23417
```

namba hiyo ikiwa ile ya `pid` uliyoiona kwenye jibu. Kwenye Windows ni `netstat -ano | findstr 8501`, kisha `taskkill /PID 23417 /F`. Poti za chini ya 1024 kwa kawaida zinahitaji mamlaka ya root kwenye Linux. Usiwashe dashibodi kwa `sudo` ili tu upate poti 80. Weka Nginx mbele.

`--server.address` ndilo chaguo ambalo watu huliruka, na halipaswi kurukwa. Bila kulitaja, Streamlit inasikiliza kwenye anwani zote za mashine, maana yake yeyote aliye kwenye Wi-Fi ya ofisi anaweza kufungua dashibodi yako ya mishahara kwa kuijua IP yako tu. Kazi ikiwa ya peke yako, au ikiwa nyuma ya Nginx kwenye mashine ileile, andika `--server.address 127.0.0.1`. Ndani ya Docker mambo yanageuka: 127.0.0.1 ya ndani ya kontena haifikiki kutoka nje hata ukiweka `-p 8501:8501`, kwa hiyo huko tumia `0.0.0.0` na uzuie kwa upande wa mashine mwenyeji, kwa kuandika `-p 127.0.0.1:8501:8501`.

Usidanganywe na mstari wa "External URL" unaochapishwa programu inapowaka. Streamlit inauliza tu mtandaoni IP yako ya nje ni ipi, ikaiandika. Haijapima kama fayawoli imefunguliwa wala kama ruta yako inapitisha kitu.

`--server.headless true` inasema hakuna mtu mbele ya skrini. Kivinjari hakifunguliwi, na lile swali la barua pepe la mara ya kwanza haliulizwi. Kwenye Linux isiyo na mazingira ya picha Streamlit hujigundulia yenyewe, ila iandike hata hivyo: seva yenye eneo-kazi, au kipindi cha mbali chenye `DISPLAY` (kigeu kinachotaja skrini), kitaifanya ikisie vibaya, na programu inaweza kubaki ikisubiri jibu la swali ambalo hakuna anayeliona. Pamoja nayo huwa naongeza `--browser.gatherUsageStats false`, kwa sababu takwimu za matumizi hutumwa isipokuwa ukikataa.

Skripti yako ikiwa na vigezo vyake, vitenganishe na vya Streamlit kwa vistari viwili vitupu:

```
streamlit run ripoti.py --server.port 8600 -- --mwaka 2024 --mkoa Dodoma
```

Kilicho kushoto ni cha Streamlit, cha kulia kinafika kwenye `sys.argv`, na `argparse`, maktaba ya Python ya kusoma vigezo, inakisoma kama kawaida. Kuna mtego mmoja: kigezo kikikosewa, `argparse` hutaka kuzima programu, lakini Streamlit haiiruhusu, hivyo seva inaendelea kuwaka ikiwa na ukurasa mtupu. Izungushie `parse_args()` kwa `except SystemExit as e`, ndani yake weka `os._exit(e.code)`. Na ukumbuke vigezo hivi ni vya mchakato mzima. Kila anayefungua atauona mkoa wa Dodoma. Cha mtumiaji mmojammoja kiweke kwenye anwani ya ukurasa na ukisome kwa `st.query_params`.

Ukiiweka dashibodi kwenye njia ndogo, tuseme `/mauzo/`, unahitaji `--server.baseUrlPath mauzo` na upande wa Nginx uwe hivi:

```
location /mauzo/ {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8501;
    proxy_http_version 1.1;
    proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
    proxy_set_header Connection "upgrade";
    proxy_set_header Host $host;
    proxy_read_timeout 3600s;
    client_max_body_size 200m;
}
```

Tazama mwisho wa `proxy_pass`: hakuna mkwaju baada ya 8501. Ukiuongeza, Nginx inakata `/mauzo/` kabla ya kupitisha ombi, na Streamlit, inayotarajia njia hiyo, inajibu 404. Mistari ya `Upgrade` na `Connection` nayo ni ya lazima kwa kuwa Streamlit huzungumza na kivinjari kwa websoketi, yaani muunganisho unaobaki wazi pande zote mbili. Ikikosekana, ukurasa unafunguka nusu, fremu ya kijivu inaonekana, basi. Fungua zana za msanidi kwenye kivinjari, tabo ya mtandao, utaona ombi la `_stcore/stream` likishindwa na kurudiwa tena na tena. Muda wa kusubiri wa Nginx ni sekunde 60 usipoubadilisha; `proxy_read_timeout` ya hapo juu inaupandisha hadi 3600.

Hapo ndipo watu hunakili dawa ya mtandaoni: `--server.enableCORS false --server.enableXsrfProtection false`. Siipendi. Ya kwanza inahusu CORS, udhibiti wa maombi yanayotoka tovuti nyingine; ya pili inahusu XSRF, maombi ya kughushi. Ukizima CORS peke yake haizimiki. Ulinzi wa XSRF ukiwa umewashwa, Streamlit inakuonya na kuirudisha. Ukizima vyote viwili umeondoa ulinzi bila kugusa chanzo, ambacho karibu kila mara ni ile mistari miwili ya Nginx.

Upakiaji wa mafaili una mipaka miwili inayopishana. Streamlit inaruhusu MB 200 kwa faili, na unapandisha kwa `--server.maxUploadSize 500`. Nginx yenyewe inaruhusu MB 1 tu usipoandika `client_max_body_size`. Mtumiaji akipata kosa 413 kwa faili la MB 3, usihangaike na Streamlit.

Chaguo la `--server.fileWatcherType` (namna ya kufuatilia mabadiliko ya kodi) hupuuzwa hadi siku inotify, kifuatilia-mafaili cha Linux, inapogoma kwa sababu mafaili yanayofuatiliwa yamezidi kikomo cha mashine. Kwenye seva hakuna anayehariri kodi, kwa hiyo weka `none`, na kila ukivuta kodi mpya uiwashe huduma upya. Kwenye diski za mtandao, au folda za Windows zinazoonekana ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), taarifa za mabadiliko mara nyingi hazifiki. Huko jaribu `poll`.

Kitu kimoja amri itakikataa kabisa: `--server.cookieSecret`, siri inayotumika kutia saini vidakuzi. Siri iliyoandikwa kwenye amri huonekana na yeyote anayeendesha `ps aux`, hivyo Streamlit inakuelekeza kwenye faili au kigeu cha `STREAMLIT_SERVER_COOKIE_SECRET`. Usipoiweka, inatungwa upya kila programu inapowaka. Kwa mchakato mmoja hilo halina shida. Ukiwa na michakato kadhaa nyuma ya kigawa mzigo, ipe yote siri moja, na kila mtumiaji arudishwe kwenye mchakato uleule aliouanza, maana kipindi chake kiko kwenye kumbukumbu ya huo peke yake. Usitafute chaguo la kuongeza idadi ya michakato, halipo; unawasha nakala kadhaa, kila moja na poti yake.

Kwa seva ya kawaida ya Linux, faili la systemd (msimamizi wa huduma wa Linux) linalobeba haya yote, tuliite `mauzo.service`, linatosha hivi:

```
[Unit]
Description=Dashibodi ya mauzo
After=network.target

[Service]
User=dashibodi
WorkingDirectory=/srv/mauzo
Environment=STREAMLIT_BROWSER_GATHER_USAGE_STATS=false
ExecStart=/srv/mauzo/.venv/bin/streamlit run app.py --server.address 127.0.0.1 --server.port 8501 --server.headless true --server.baseUrlPath mauzo --server.fileWatcherType none
Restart=on-failure

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Njia ya `ExecStart` iwe kamili hadi ndani ya `.venv`, kwani systemd haijui kwamba uliwahi kuandika `source activate`. Ikishawaka, pima kabla ya kumlaumu Nginx:

```
curl http://127.0.0.1:8501/mauzo/_stcore/health
```

Ukijibiwa `ok`, Streamlit ni nzima na tatizo liko mbele yake. Usipojibiwa, `journalctl -u mauzo -n 50` itakuonyesha mistari ya mwisho kabla haijaanguka.