Tone la maziwa, kipande cha siagi: siku yangu na wazee wa Leeds

Saa 1:30 asubuhi. Basi limenishusha kona na giza la Januari halijaondoka. Zamu yangu ni ya muda wa saa kumi na mbili, na huu ni mwaka wangu wa tatu kuhudumia wazee kwenye makao yao hapa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Kiingereza cha darasani nilikuja nacho. Cha kwenye kikombe cha chai nimefundishwa na wao wenyewe.

Saa 2:15. Chai. Bibi wa dirisha la bustani anasema, "Just a drop of milk, love." Drop ni tone, lakini tone analolitaka ni maziwa ya kugeuza rangi. Jirani yake husema "a splash", na hapo jagi linainama zaidi kidogo. Kwenye mkate uliochomwa bibi wa dirishani huomba "a scrape of butter", siagi ya kupitisha kisu tu, mkate wenyewe uendelee kuonekana. Mchana, kwenye viazi vya kuponda, bibi huyohuyo ataomba "a knob of butter": kipande kizima, kama ncha ya kidole gumba, na anapenda kukitazama kikiyeyuka. Mtu mmoja, siagi ileile, vipimo viwili.

Kwa Kiswahili mzigo huo wa kutaja kiasi tumekibebesha kitenzi. Nimegee. Nionjeshe. Nigawie. Aliyeambiwa "nimegee" haulizi kiasi, maana anayemega habebi mkate wote. Kwa Kiingereza "give" haikwambii lolote juu ya kiasi. Ukubwa wote umo kwenye neno linalokuja kabla ya "of".

Saa 4. Mwenzangu mpya, kijana wa Mombasa, ananivuta pembeni. "Dada, nikitaka kusema ampe maji kidogo, naanzia wapi?" Namwambia aanze na mtu, kisha kiasi, kisha kitu: "Give him a drop of water." Ukitanguliza kitu, lazima uweke "to": "Give a drop of water to him." Ukisema "Give to him a drop" utaeleweka, ila sikio lao litasita. Nikamwongezea la huku kaskazini: mzee akisema "Give us a bit of vinegar", usitafute wenzake. "Us" hapo ni yeye peke yake.

Saa 7 mchana. Samaki na viazi vya kukaanga. Siki, siki, siki.

Saa 8:30. Kuandika kumbukumbu, na hapa ndipo ninapokuwa mwangalifu kuliko popote. Mwaka wangu wa kwanza niliandika juu ya mzee mmoja "He ate little." Kichwani mwangu ilikuwa "amekula kidogo", habari njema, kwa sababu jana yake alikataa kabisa. Muuguzi aliisoma kuwa hakula kitu cha maana. Akaleta mizani, akampigia simu binti wa mzee, na binti huyo akaja mbio na machozi. Herufi moja, "a", ndiyo iliyokosekana: "a little" ni kipo, kidogo, "little" ni karibu na hakuna. "A few" na "few" ni vivyo hivyo. Kiswahili chetu "kidogo" hubeba maana zote mbili, sauti ndiyo inayotenganisha, na karatasi haina sauti. Siku hizi naandika nusu sahani, mililita 150. Kijana wa Mombasa nimemwonyesha ukurasa wangu, nikamwomba aige.

Saa 11 jioni. Mzee anayepaliwa na maji. Kinywaji chake hutiwa unga wa kukifanya kizito, kwa kiwango alichopangiwa na mtaalamu wa kumeza. Hapo maneno ya kukadiria yote yanasimama. Ni kijiko cha ndani ya kopo, kimesawazishwa kwa kisu, basi.

Saa 1:40 usiku. Namlaza bibi wa dirishani. Namuuliza kama yuko tayari nizime taa. "Give me a minute." Nasimama. Dakika yake ni ndefu, na sina haraka nayo. Nazima, nafika mlangoni.

"Give us a bit of light, love."

Naacha mlango wazi upana wa vidole viwili.

"A bit more."

Vitatu.

"That's it."