Fainali mbili, uwanja mmoja

Karatasi ya kanuni za mashindano yetu ya voliboli ya ufukweni ilikuwa na kurasa mbili, na karibu nusu ya ukurasa wa kwanza ilihusu maji ya bahari. Manahodha walipoisikia ikisomwa Jumamosi jioni, kwenye kibanda cha mama wa mahamri jirani na ufuo wa Pirates, walicheka. Walikuja kuzungumza mpira, wakakuta wanafundishwa habari za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga.

Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu, aliyeshika filimbi ya voliboli tangu wengi wetu hatujazaliwa. Mimi nilikuwa katibu wake. Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, nina mwandiko unaosomeka na simu yenye kikokotoo. Sifa nyingine hakuniuliza. Ilikuwa Desemba 2021. Miezi michache nyuma Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi walikuwa wamecheza Tokyo, Wakenya wa kwanza kufika Olimpiki kwa voliboli ya ufukweni, na wasichana wa mitaani kwetu waliozoea viwanja vya shule wakaanza kuulizia mchanga. Basi tukapata timu nane za wanaume na nne za wanawake. Kila timu watu wawili, hakuna wa akiba wala kocha wa kupiga kelele pembeni.

Jumapili ya mashindano iliangukia mwezi mpevu. Mombasa, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Asubuhi unakuta pwani pana mpaka unachoka kuifuata bahari iliko, na alasiri huna pa kutandika leso. Mwalimu alikwisha piga hesabu: tuanze saa mbili, tumalize kabla ya saa nane. Mechi za makundi zilikuwa kumi na nane, viwanja viwili, kwa hiyo kila mechi ya kundi ingekuwa seti moja tu ya pointi 21, ushindi kwa tofauti ya pointi mbili. Nusu fainali na fainali ndizo zingeshindwa kwa seti mbili kati ya tatu, ya tatu ikiishia 15. Anayepumzika kwenye kundi ndiye anayechezesha, na timu isiyotoa mwamuzi inapoteza pointi moja mechi yake ijayo. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyowanyamazisha. Wote walikuwa wamezoea kucheza kisha kupotelea kwa muuza madafu.

Alfajiri tulipima viwanja kwa kamba yenye mafundo. Uwanja wa ufukweni ni mita 16 kwa 8, kila upande mraba wa mita 8, na ili ujue pembe zimekaa sawa unapima mshazari wa mraba mmoja: ukikosa mita 11 na sentimita 31, kuna pembe imelala. Nguzo za boriti tulizikaza kwa kamba zilizofungwa kwenye magunia ya mchanga, na magunia tukayazika, kwa sababu kigingi cha chuma kikichomoza kinamvunja mtu mguu. Mpini mmoja wa jembe ulioungwa ubao ulikuwa na alama mbili za rangi, mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Uwanja mmoja ulikaa juu karibu na mivinje, wa pili chini upande wa bahari. Vyote viwili vililala sambamba na maji, na kaskazi, upepo wa msimu ule, ilikuwa inavuma kwa urefu wa uwanja. Anayecheza akiipa mgongo mpira unamponyoka mbele, anayeielekea mpira unamrudia usoni. Ndiyo maana timu hubadilishana pande kila pointi saba, tano kwenye seti ya mwisho, na ndiyo maana Mwalimu hakutaka kusikia wazo la kubadilishana mara moja tu katikati ya seti, eti tuokoe muda.

Mpira nao ulizua lake. Vijana wa Changamwe walileta wao, umejazwa upepo kama wa ukumbini, ukigonga mkono unaacha alama. Wa ufukweni huwa laini zaidi. Mwalimu aliuchoma sindano, akawa anaubonyeza kwa vidole gumba huku akisikiliza upepo unavyotoka, mpaka akaridhika. Wenyewe walimtazama kama wanaoona mali yao ikiharibiwa.

Saa ya kwanza ilijaa filimbi. Wachezaji wa ukumbini wana tabia ya kuruka kama wanaotaka kupiga kombora, kisha wanaudokoa mpira kwa ncha za vidole udondoke nyuma ya wavu. Kwenye mchanga hilo ni kosa. Lazima utumie ngumi, vifundo vya vidole au kiganja kigumu. Pia mpira ukimgusa mzuiaji wavuni, mguso huo unahesabiwa, timu inabaki na miwili kati ya mitatu. Mara tatu nne hivi nilisikia, "Aa, Mwalimu, huo si ulikuwa bloku!" naye akijibu bila kugeuka, "Bloku ni mkono, na mkono ni mguso. Endeleeni." Ngamia wa kukodisha alipita katikati ya uwanja wa chini na mgeni juu yake anapiga picha. Pointi ikarudiwa. Kwa ngamia hatukuwa tumeandika kitu, lakini mtu au kitu cha nje kikiingia uwanjani pointi hurudiwa, na sikuona kwa nini ngamia awe na sheria yake.

Kundi la pili la wanaume ndilo lililotuchelewesha. Likoni waliwafunga Kisauni 21 kwa 15. Kisauni wakawafunga Mtwapa 21 kwa 19. Mtwapa wakawafunga Likoni 21 kwa 18. Timu ya nne, waokoaji wawili wa pale ufuoni, ilifungwa na wote. Timu tatu, kila moja imeshinda mara mbili, na nafasi za nusu fainali ni mbili.

Kanuni ilisema: timu tatu zikilingana, zitazamwe mechi zao wenyewe tu, pointi walizofunga zigawanywe kwa walizofungwa. Nilikaa chini ya mvinje nikabonyeza simu. Likoni 39 kwa 36, yaani 1.083. Mtwapa 40 kwa 39, 1.026. Kisauni 36 kwa 40, 0.900. Kisauni nje.

Nahodha wa Kisauni alikuwa mtu mzima, mpana wa mabega, na hesabu ilikuwa kichwani mwake kabla yangu. Alinijia moja kwa moja.

"Dada, umesahau waokoaji. Weka mechi zote tatu uone."

Niliziweka, kwa kuwa na mimi nilitaka kuona. Kisauni waliwafunga waokoaji 21 kwa 6, Likoni 21 kwa 14, Mtwapa 21 kwa 17. Ukijumlisha zote, Kisauni wanapata 1.239 na wanaongoza kundi, Likoni wanafuata na 1.200, Mtwapa wanatoka na 1.089. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Watu walikwisha tuzunguka, kila mmoja na timu yake, na sauti zilikuwa zinapanda.

Mwalimu hakuja. Alikuwa anachezesha juu, na nadhani hata angekuwa huru asingekuja. Nilimwonyesha nahodha mstari wenyewe na sahihi yake chini ya ukurasa. Akasema sahihi ile aliitia kwa ajili ya habari za maji. Nikamkumbusha kwamba waokoaji walipocheza naye mmoja wao alikuwa amekazwa na misuli ya shavu la mguu, amesimama kwa mguu mmoja, ndiyo maana walipata pointi sita. Je, Mtwapa watolewe kwa sababu mtu wa timu nyingine alishikwa na misuli walipokuwa hawachezi wao? Alinitazama kidogo. "Wewe binti unasomea uwakili?" Nikamwambia nasomea uhasibu. Watu wakacheka, naye akaenda kuchezesha nusu fainali, maana ilikuwa zamu yake na kanuni ya zamu aliikumbuka vizuri. Hadi leo tukikutana stejini Bombolulu ananiamkia kwa namba ile: "Moja nukta mbili tatu tisa, hujambo?"

Mabishano yale, pamoja na timu moja iliyokwama kwenye matatu ikasubiriwa dakika zake kumi, yalitula kama nusu saa hivi. Fainali zilianza saa saba na nusu. Wanawake juu, wavu umeshushwa. Wanaume chini, Likoni na Changamwe. Kando ya uwanja wa chini Mwalimu alikuwa amechomeka kijiti. Wimbi likikigusa, mechi inasimama, pointi zinabaki kama zilivyo, na wachezaji wanahamia uwanja wa juu.

Lilikigusa seti ya tatu, Likoni 9, Changamwe 7. Muda mfupi baadaye mstari wa pembeni ulikuwa unaelea.

Wanaume walipanda na mpira wao mkononi, wakakuta wanawake wako seti ya pili, 12 kwa 11. Ndipo nikasikia nilichokuwa nakitarajia tangu Jumamosi. Kwanza kutoka kwa watazamaji, kisha kutoka kwa kijana mmoja wa Changamwe, kwa adabu: wanaume wamebakiza dakika tano tu, wasichana wawapishe kidogo, wamalizie baadaye. Kuna mzee aliyesema watu wamekuja kuona fainali, kana kwamba iliyokuwa ikichezwa mbele ya macho yake ilikuwa mazoezi.

Wasichana walisimama, mmoja ameshika mpira wa kuanzisha, wakamtazama Mwalimu. Yeye akanitazama mimi.

"Katibu, soma."

Nikasoma kwa sauti kubwa kuliko niliyodhani ninayo: "Uwanja ukibaki mmoja, mechi inayochezwa hapo itamalizika kwanza."

"Inayochezwa hapo ni ipi?"

"Ya wanawake, Mwalimu."

Akapuliza filimbi, msichana akaanzisha. Seti ile ilikwenda hadi 22 kwa 20, na timu iliyokuwa nyuma ikashinda, maana yake kukawa na seti ya tatu. Wanaume wanne walikaa mchangani wamefunga mikono, maji yanapanda nyuma yao, wakasubiri. Kufikia pointi ya kumi walikuwa wanashangilia kama wengine. Mmoja wa Likoni alikuwa na dada yake uwanjani na alikuwa amejisahau muda mrefu.

Walipomaliza tulipandisha wavu sentimita 19, mpini wa jembe ukapita mkono kwa mkono, na wanaume wakaendelea kutoka 9 kwa 7. Likoni walishinda 15 kwa 13. Zawadi ilikuwa mpira mpya kwa kila bingwa, sawasawa, na kreti za soda ambazo ziliisha kabla ya picha.

Nguzo za uwanja wa chini tulizing'oa tukiwa ndani ya maji hadi magotini. Magunia yaliyozikwa yalitushinda, tukayaacha. Kesho yake maji yalipwa karibu saa tano, kama saa moja kasoro baada ya jana yake, na mimi na waokoaji wawili tukaenda na majembe. Moja halikuonekana. Mwenye magunia, mfanyabiashara wa viazi wa Kongowea, alidai shilingi thelathini za gunia lake, na Mwalimu akataka risiti.